Kiroba Kilichoiapisha Mizani

Mtani akiwa kazini msibani hakatazwi. Siku tulipomzika Fundi Bakari pale Masasi, mzee mmoja wa Kiyao, mtani wake wa tangu ujana, aliingia uani kwetu wanawake amejifunga kanga kiunoni na kukumbatia ndoo tupu. Ndani ya ndoo alikuwa anakoroga kwa mwiko wa ubwabwa huku mdomo wake ukinguruma kama mashine: vrrr, vrrr, kisha puu, anaanguka chali. "Injini ya Farasi Nane hiyo!" alipaza sauti. "Haivuti hata bata! Mpelekeni haraka makaburini kabla hajazima njiani!" Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu, maana ndiyo kazi ya mtani, kuwapunguzia watu machozi. Hata mjane, Mama Zuhura, nilimsikia akicheka chumbani kwa sauti iliyokauka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa juu ya kinu kilicholazwa, nachambua mchele, na punje nzuri nilikuwa nazitupa mchangani pamoja na mawe. Jina la Farasi Nane lilimkaa Bakari zaidi ya miaka thelathini. Watoto waliozaliwa baadaye walidhani ndilo alilopewa na wazazi wake. Lakini injini yake ilikuwa na nguvu za farasi kumi na tano, na mimi nililijua hilo siku ileile watu walipoamua kwamba ni nane.

Mwaka huo mimi, Somoe, nilikuwa na miaka ishirini na miwili, karani wa mizani katika ghala la mnunuzi wa korosho mjini Newala. Ulikuwa mwaka wa vibao na ngumi. Soko huria lilikuwa limeingia, na mahali pa chama cha ushirika kilichonunua korosho peke yake tangu nipate akili, sasa kila mwenye lori alikuwa mnunuzi. Watu walipigana kwenye foleni ya maji, kwa kuwa Newala maji yananunuliwa kwa ndoo, na ndoo ilikuwa imepanda bei kama kila kitu. Walipigana sokoni juu ya mitumba, wawili wameshika suruali moja mpaka inachanika. Kibaka akikamatwa na kuku wa mtu, alikuwa amekwisha kabla polisi hawajafunga mikanda yao. Nilisimama kutazama mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nakula muhogo wa kuchoma. Sijivunii, lakini nikianza kuficha hilo nitaficha na yanayofuata.

Mwajiri wangu, Bwana Salumu, alikuwa mgeni aliyekuja na malori mawili na shati jeupe lisiloshika vumbi. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa mtu wa kupiga. Msimu ulipokaribia alimwita Fundi Bakari kutoka Masasi, Mmakua mwembamba aliyetengeneza mashine za kusaga nafaka, mtu wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, mwenye mkono wa kulia uliosifiwa wilaya mbili. Alikuwa anaweza kufumba macho, akapitisha vidole juu ya chuma na kukwambia kimeisha wapi. Tulijifungia watatu katika chumba cha nyuma ya ghala, kilichojaa magunia mapya na harufu ya mafuta ya maganda ya korosho, ile inayouma pua na kuchubua ngozi. Mizani yetu ilikuwa ya kuning'iniza, ya duara, yenye mshale na ndoano. Bakari alifungua mgongo wake, akatia springi ya pili pembeni ya ile ya kiwandani, akaibana kwa pini aliyoichonga kutoka spoku ya baiskeli. Pini ikiwa ndani, springi mbili zinasaidiana na mshale unakuwa mzito: kilo tano zinasoma nne. Ukiichomoa, mizani inasema kweli. "Mdogo wangu," aliniambia, "wakija watu wa vipimo, gusa hapa kwa dole gumba, vuta. Wakiondoka, rudisha." Nilimwuliza kama haogopi. Akajifuta mikono kwa kipande cha gunia. "Mimi naogopa njaa. Kuna injini ya boti nimeiona Mtwara. Nikiipata hiyo, nimeachana na vinu vya watu." Kisha tukala ugali wa muhogo na mbaazi za nazi kwenye sinia moja, na Bwana Salumu akatusogezea yeye mwenyewe vipande vya samaki. Mwaka mzima sikula chakula kitamu kuliko kile. Nalisema hili ili isije ikadhaniwa nililazimishwa.

Wiki ya pili ya msimu, mzee mmoja alilalamika. Alisema gunia lake limejaa madebe yaleyale ya miaka yote, iweje mwaka huu limekuwa jepesi kama la pamba. Bwana Salumu alimwomba asogee, akamshika mkono taratibu kama anayemsalimu, kisha akachukua ndoano ya mizani na kumpiga nayo mdomoni. Mzee aliondoka ameziba mdomo kwa kofia yake. Nililifagia jino pamoja na maganda, nikamwita aliyefuata kwenye foleni. Aliyefuata alisogea bila neno, na wa nyuma yake vilevile, na mshale ukaendelea kusema uongo mpaka jioni.

Nilipanga chumba nyuma ya nyumba ya Mama Ester. Kitanda cha kamba, ndoo mbili za maji zenye vifuniko vilivyofungwa kwa kufuli, na ukuta wa udongo ambao upande wake wa pili palikuwa jiko. Ukuta wa udongo hauna siri. Jumapili moja mchana nilikuwa nimejilaza, nikasikia Mama Ester na jirani yake wakimenya ming'oko, vile viazi pori vyetu, na kuzungumza juu ya karani wa mizani wa kijiji kimoja upande wa barabara ya Masasi. Wakulima walikuwa wamegundua donge la madini ya risasi lililogandishwa ndani ya mizani yake. "Wakamning'iniza kwenye ndoano yake mwenyewe," alisema Mama Ester, "kwa mshipi wa suruali. Kila wakimpiga wanasoma mshale, eti waone kama anapungua." Jirani aliuliza kama alikufa. "Alifika hospitali. Kufika si kupona." "Haki yake." "Haki yake kabisa. Nipe hiyo chumvi." Baadaye Mama Ester alinigongea mlango na sahani ya ming'oko iliyofuka moshi. "Kula, mwanangu, kazi yenu ya kusimama kutwa inachosha." Nilikula. Usingizi wangu ulianza kuharibika siku hiyo.

Bakari aliipata injini yake. Ilikuwa imetumika, haina kifuniko cha juu chenye namba, na yeye alisema ni farasi kumi na tano. Wanunuzi walikuwa wanaume watano wa Chilangala, wakulima wa korosho ambao miezi ya njaa walishuka bonde la Ruvuma kuvua kambare na perege. Kiongozi wao alikuwa Baba Sijaona, mtu mfupi, mpana, asiyependa maneno mengi. Masika yaliyopita mto ulijaa ghafla, ukakikokota chombo chao, na makasia hayakufua dafu mbele ya mkondo. Mdogo wake, Issa, alikuwa humo. Walitafuta siku nne, na walichokipata ni mguu mmoja, bado umevaa katambuga ya tairi. Mamba hawali tairi. Tangu hapo walijenga boti pana ya mbao, wakaapa hawataishusha mtoni bila injini ya kulishinda lile jimaji, na wenye ujuzi waliwaambia isipungue farasi kumi na tano. Kwa hiyo Baba Sijaona hakuwa ananunua chuma. Alikuwa anatafuta hakika kwamba hatamzika tena mtu vipandevipande.

Nilikuwepo Chilangala siku Bakari alipoileta, maana Bwana Salumu alinituma kuandika majina ya wakulima. Huku juu uwandani kwetu hakuna mto wala dimbwi la kujaribia injini, basi Bakari aliipachika kwenye ukingo wa pipa uani kwa Baba Sijaona. Pipa lilikuwa limejaa maji ambayo wanawake wa nyumba ile walikuwa wameyabeba kichwani siku mbili kutoka bondeni. Alivuta kamba mara tatu. Injini ikalia, feni yake ikazunguka, na maji yote yakaruka juu: ukutani, kwenye mbuzi, juu ya kanzu za wazee. Ndani ya muda wa kupiga chafya pipa lilikuwa na kikombe kimoja cha maji. Wanaume walishangilia. "Ina nguvu hiyo! Ina nguvu!" Mama Sijaona alitoka jikoni na mchi. Aliupiga ule mgongo wa injini mara moja na mgongo wa Bakari mara mbili, na wa mumewe ungefuata kama wasingemshika. "Mtakunywa nini? Nawauliza, mtakunywa nini, nyie majitu?" Tulicheka wote, hata Bakari aliyekuwa amepiga magoti kwa maumivu.

Baba Sijaona peke yake hakucheka. "Debe tupu haliachi kuvuma," alisema. "Kelele nimezisikia. Nguvu sijaiona." Bakari akajibu haraka, kwa kuwa alijiamini, na kwa hilo sikumlaumu wakati ule wala leo. "Njomba, tutaifunga boti kwenye mti kwa kamba, na katikati tuweke mizani. Farasi kumi na tano wakivuta mpaka mwisho wanapita kilo mia na ishirini. Wasipofika, msininunulie, na mnifanye mtakavyo." Aliyasema mwenyewe, mbele ya kijiji. Alikuwa anafikiria mizani ya zamani ya chama cha ushirika, lakini ile ilikuwa imefungiwa stoo na ufunguo wake haukujulikana ulikokwenda. Baba Sijaona akanigeukia. "Mizani si anayo huyu binti?" Bakari alinitazama na tabasamu lake halikupungua. Nilijua anafikiri nilichofikiri mimi: mtoni nitavuta pini. Nikaitika kwa macho.

Siku moja kabla ya kushuka, Baba Sijaona alikuja ghalani na kiroba cha korosho nyuma ya baiskeli. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Nipimie." Mshale ulisimama kwenye arobaini. Alitaka niandike 40 juu ya kiroba kwa kalamu ya magunia, kubwa, ionekane. Kisha akakifunga tena kwenye baiskeli. Nilimwuliza kama hauzi. "Kitauzwa. Kina kazi kwanza." Nilidhani anataka kulinganisha bei kwa mnunuzi mwingine. Bwana Salumu naye alikubali mizani iende mtoni bila kusita, kwani alitaka korosho zote za Chilangala, lakini haikuruhusiwa kutoka bila karani wake. Alinishika shavu kwa vidole viwili. "Ikirudi imefunguliwa mgongo," alisema, "nitakufungua na wewe."

Tuliteremka genge la Newala, ule ukingo mkali wa uwanda unaoshukia bondeni, kwa miguu tangu alfajiri. Injini ilining'inia kwenye mti uliobebwa na wawili mabegani, mimi na mizani yangu ndani ya kikapu, Bakari akipiga soga njia nzima. Mto ulikuwa umepungua na mchanga umetanda. Boti ilisubiri kwenye dimbwi pana lililotulia. Bakari alilichagua yeye, ili isije ikasemwa mkondo ndio uliovuta. Tulifunga mizani kwenye mti mnene ukingoni, ndoano ikashika kamba, kamba ikaenda mpaka nyuma ya boti. Nilikuwa nimekwisha weka dole gumba langu juu ya pini. Ndipo mmoja wao alipotua kitu kutoka begani, nikaona namba yangu mwenyewe inanitazama: 40.

"Mizani ni shahidi," alisema Baba Sijaona. "Na shahidi kwetu haaminiwi bila kiapo. Itaapa kabla, itaapa na baada. Kiroba hiki jana kilikuwa arobaini. Kikisoma arobaini leo, tutaamini kila itakachosema." Wenzake waliguna kukubali. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza jana kiroba kilipimwa na nani. Nimefikiri sana juu ya kosa lile na nimeacha kuliona la kijinga. Watu wanaoishi kwa korosho hawajui uzito mwingine wowote zaidi ya ule waliosomewa. Kilo kwao ni neno linalotoka kinywani mwa karani. Kiroba kile kilikuwa na kilo hamsini. Ningevuta pini kingesoma hamsini, na wanaume watano wenye mapanga, mbali na kituo chochote cha polisi, wangeelewa hapo hapo kila gunia lao la msimu ule lilikwenda wapi. Nilimwona Bakari anacheka, kisha kicheko kinamfia usoni. Alitazama dole langu. Naye alikuwa ndani ya mtego uleule. Angesema mizani imechezewa, wangemwuliza amejuaje.

Walining'iniza kiroba. "Arobaini," nilisoma. "Imeapa," wakajibu. Wakakishusha, wakaingia majini wote kuisukuma boti ili kamba inyooke, na kwa muda huo mfupi nilibaki peke yangu mtini. Hapo ndipo nilipoweza. Watu wengi nimewasimulia mambo ya mwaka ule na kila mara nimeruka hapa. Migongo yao ilikuwa kwangu. Ningevuta, injini ingesomwa kweli, na ningeweza kuirudisha pini kabla ya kiapo cha pili kama vidole vyangu vingekuwa vyepesi. Bakari, ameshika mkono wa injini, alinigeukia na kuningoja. Alichelewesha kuwasha. Aliinama akajifanya anatazama mafuta, akainuka, akanitazama tena. Nilimfikiria yule karani aliyening'inizwa kwa mshipi wake. Niliondoa dole gumba, nikashika kamba kama mtu mwenye kazi.

Akawasha. Alifungua mafuta mpaka mwisho, maji yakapasuka nyuma ya boti, kamba ikakaza mpaka ikalia, na mti ule mnene ukatikisika majani. Mshale ulipanda kwa kutetemeka ukafika mahali ukagoma. "Tisini na nane," nilisoma. Jaribu la pili, tisini na saba. La tatu, tisini na nane. Kila siku ghalani nilikuwa nikirudisha kichwani kile tulichoiba, kwa hiyo hesabu ilinijia bila kuitaka: mia na ishirini na mbili. Alikuwa amesema kweli, na amevuka kwa kilo mbili. Injini ilipozimwa tulisikia ndege wakilia mitini. Bakari alikaa ndani ya boti kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi.

Baba Sijaona aliingia majini mpaka kiunoni, akamshika kwa ukosi wa shati na kumtoa nje ya boti kwa mkono mmoja. "Umetuuzia kaburi," alisema, bila kupaza sauti. Kasia la kwanza lilimpata shingoni. Wakampiga ndani ya maji, wakamkokota mchangani, wakampiga mchangani. Kasia moja lilivunjika, na aliyekuwa nalo akaendelea na kipande. Nilisikia ubavu unavunjika, na nilishangaa kwamba nimeutambua mlio huo bila kuwahi kuusikia. Nilipiga kelele. Nilipiga kelele "Basi! Basi jamani!", na neno hilo la kipuuzi ndilo lote nililompa. Alikuwa anajikinga kichwa kwa mkono wa kulia. Baba Sijaona akaushika mkono huo, akaulaza juu ya ukingo wa boti na kuunyoosha kidole kwa kidole. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Issa alikuwa na miaka kumi na tisa," alimwambia. "Ulisema tukufanye tutakavyo." Alipiga kwa kisogo cha shoka mara tatu. Bakari hakulia kama nilivyotegemea. Alikuwa anasema jambo moja kwa sauti ndogo, analirudia: "Injini nzima. Injini nzima. Injini nzima."

Kisha wakanawa. Wakakumbuka kiapo cha pili, kwa sababu walikuwa watu wa haki na hawakutaka kuacha jambo nusu. Walining'iniza kiroba na wakangoja. Mshale uliganda palepale, namba yangu na mwandiko wangu vikakubaliana. "Arobaini," nilisoma, na sauti yangu ilitoka safi kabisa. Bakari alikuwa mchangani hatua sita kutoka kwangu, jicho moja limefumba. Lile lingine lilikuwa kwangu. Halikuwa na hasira, na hilo ndilo nisiloweza kulisamehe. Walimpandisha genge kwa mti uleule ulioshusha injini, amelala ndani ya kipande cha tanga, damu ikidondoka njia nzima, na mimi nyuma nimebeba mizani yangu kikapuni kama mama mwenye mtoto. Injini waliichukua kwa bei ya farasi nane, maana chini ya kumi na tano ndiyo pekee waliyowahi kuiona sokoni.

Niliporudi ghalani nilivuta pini, nikaitupa chooni. Siku nne wakulima wa Newala walipimiwa kweli bila kujua. Siku ya tano Bwana Salumu alielewa. Alifunga mlango wa kile chumba cha nyuma, akanipiga kwa jiwe la kupimia lililofungwa ndani ya soksi, na tangu siku hiyo sikio langu la kushoto linasikia mvumo tu, kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Nilifukuzwa. Nilimwona Bakari mwaka uliofuata kwenye stendi ya Masasi, anakaza nati kwa mkono wa kushoto, wa kulia umebaki dole gumba na kidole kimoja. "Habari za siku nyingi, mdogo wangu," alisema. Nikasema nzuri. Nilijipa moyo kwamba sikio langu na vidole vyake vimelipana. Nilikuwa mtu wa mizani, mzoefu wa kusawazisha visivyolingana.

Ndiyo maana, siku ya msiba, wanaume waliporudi kutoka makaburini nilimfuata Baba Sijaona. Sasa anatembea kwa fimbo, lakini alikuja kutoka Chilangala kwa pikipiki ya kukodi. Alikuwa amekaa pembeni ananawa mikono. "Shikamoo, baba." "Marahaba. Somoe wa mizani." Nilimwuliza ile injini ilifia wapi.

"Haikufa. Ilichoka. Ilifanya kazi masika kumi na moja, na kwetu hajazama tena mtu."

"Basi haikuwa ya farasi nane."

Alimwaga maji yaliyobaki kwenye kopo. "Siku ya tatu tulipakia watu tisa, tukaingia mkondoni. Ikapanda kama inateremka. Tulipofika juu kila mmoja alijishughulisha na nyavu. Nangu, mimi mwenyewe, niliinama nikanawa uso."

"Mlijua mizani imewadanganya."

"Tulijua."

"Mbona hamkuja kunipiga?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo mtoto analijua. "Tungekupiga tukisema nini, mwanangu? Tukisema mizani ni mwongo, basi fundi si mwongo. Na fundi akiwa si mwongo, vidole vyake tungemrudishia kutoka wapi?" Akaomba chai.

Niliingia chumbani kwa mjane. Mama Zuhura alikuwa ameketi mkekani na wanawake kama kumi, kanga imefunika kichwa. Nilikaa mbele yake na kumwambia yote: springi, spoku ya baiskeli, kiroba, dole gumba, mia na ishirini na mbili. Sikuruka pale ninaporuka siku zote. Nilisema mumewe ndiye aliyeichezea mizani, na mimi ndiye niliyeisoma, na kwamba injini ilikuwa nzima. Wanawake waliacha kusogeza vikombe. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho akivuta uzi mmoja kwenye pindo la kanga.

"Kila mwaka aliniambia," alisema. "Akilewa aliniambia, akiwa mgonjwa aliniambia. Mama Zuhura, ile injini ilikuwa nzima. Nami namjibu, Baba Zuhura, mizani haina undugu na mtu." Uzi ukakatika mkononi mwake. "Juzi tu nimemjibu hivyo. Haya ungekuja kuyasema akiwa na masikio."

Uani mtani alikuwa ameanza tena, vrrr, vrrr, na watu waliotoka makaburini walikuwa wanacheka kwa uchovu. "Farasi Nane!" tulimsikia. "Haivuti hata bata!" Mama Zuhura alifunga macho. "Mwambieni aache," alisema. Wanawake walitazamana, kwa sababu jambo hilo halifanywi, kisha mmoja akatoka. Kupitia dirisha nilimwona yule mzee wa Kiyao amesimama katikati ya uwanja na ndoo yake, anauliza amekosa nini.